Hesabu tarehe kabla ya kufunga mizigo

Mwezi Machi 2020 alikuja ofisini kwetu Kampala dada mmoja muuguzi, bahasha ya kaki imemjaa mkononi. Alikuwa na barua ya udhamini ya mwajiri wa Uingereza, pasipoti mpya na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kilichotoka wiki ileile. Kilichobaki ni kupeleka maombi ya viza tu. Kazini alikuwa ameshaaga, chumba chake cha Ntinda ameshakirudisha kwa mwenye nyumba, friji ameshamuuzia jirani. Hazikupita siku nyingi, korona ikaingia, kituo cha kupokea maombi kikafunga milango, na Entebbe ikafungwa kwa ndege za abiria. Haikufunguliwa mpaka tarehe 1 Oktoba.

Aliporudi kwetu mwezi huo wa Oktoba tulimwaga zile karatasi mezani tukazikagua moja moja. Pasipoti ilikuwa hai. Barua ya udhamini, ambayo hutakiwa kutumika ndani ya miezi mitatu tangu itolewe, ilikuwa imekufa zamani. Cheti cha kifua kikuu kinaishi miezi sita, nacho kilikufa Septemba. Hakuna mtu aliyemnyima viza. Ni tarehe tu.

Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaohama kwa njia halali: wanafunzi, wafanyakazi, wake na waume wanaowafuata wenzao, na wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu, yaani si kwao wala si pale walipokimbilia. Tangu ule mwaka nimeona safari nyingi zikivunjika, na nyingi zimevunjika hivi hivi. Mtu hukusanya karatasi kama anayekusanya kuni, bora mzigo utimie, bila kuangalia ipi itaoza kwanza. Wakati wa kawaida unaweza kubahatisha ukafika. Mlipuko wa ugonjwa ukiingia, kila ofisi inachelewa kwa wakati wake, na karatasi zinaanza kufa moja baada ya nyingine kabla hujazipata zote.

Kwa hiyo chukua daftari, chora mistari miwili. Upande mmoja andika karatasi iliyotoka lini, upande wa pili inakufa lini. Halafu panga kazi zako kuanzia zile zinazochelewa kutoka lakini zinaishi muda mrefu. Pasipoti ya kielektroniki unaomba kwenye tovuti ya serikali, na usisubiri ile uliyonayo ikaribie mwisho, maana nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita mbele. Cheti cha kuzaliwa kinatoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili. Vyeti vya shule vinathibitishwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, na baadhi ya nchi hutaka vigongwe mhuri Wizara ya Mambo ya Nje pia. Hizi ni foleni za wiki, pengine miezi, hasa kama jina lako limeandikwa namna tatu katika karatasi tatu. Zimalize kwanza. Mwisho kabisa ndipo uende kwa vile vyenye uhai mfupi: cheti cha tabia njema cha polisi, uchunguzi wa afya, kipimo cha kifua kikuu.

Watu hufanya kinyume, na sababu naielewa. Kliniki unaingia asubuhi unatoka mchana na risiti, unajiona umepiga hatua. NIRA unaambiwa rudi kesho. Basi mtu anakimbilia kwenye urahisi, analipa, na saa inaanza kuhesabu.

Kila nchi ina saa yake. Uchunguzi wa afya kwa viza ya uhamiaji ya Marekani kwa kawaida unahesabiwa miezi sita, na viza yenyewe haipewi uhai unaopita ule wa uchunguzi. Wa Kanada ni miezi kumi na miwili. Walioshinda bahati nasibu ya grini kadi, kibali cha kuishi Marekani, wana ukuta mgumu kuliko wote: viza lazima itolewe kufikia tarehe 30 Septemba ya mwaka wao wa bahati, baada ya hapo ushindi unafutika. Mwaka 2020 balozi za Marekani zilisimamisha huduma za kawaida za viza mwezi Machi, kisha Aprili rais wa nchi hiyo akazuia aina nyingi za viza za uhamiaji, na washindi wengi duniani walibaki wakiitazama Septemba inavyosogea. Kanada nayo ilitenganisha watu kwa siku moja ya kalenda: waliothibitishiwa ukaazi wa kudumu baada ya tarehe 18 Machi 2020 hawakuruhusiwa kuingia, isipokuwa wachache wenye msamaha, mpaka tarehe 21 Juni 2021. Uthibitisho mkononi, mlango umefungwa, zaidi ya mwaka mzima kwa wengine.

Lakini ulikuwapo upande mwingine ambao watu hawakuusikia. Uingereza iliwaruhusu waliokwama na stika ya viza ya siku thelathini waombe nyingine bila ada, hadi mwisho wa 2020. Haikuja yenyewe, ilikuwa lazima uombe. Niliwaona waliolipa maombi mapya kabisa kwa sababu tu hawakufungua tovuti rasmi, walimuuliza dalali, na dalali huyo anakula kwa maombi mapya. Karatasi ikikufia kwa sababu ya amri ya serikali, swali la kwanza kwa ubalozi ni hili: kuna utaratibu gani kwa waliokwama? Uliza kwa maandishi, uhifadhi jibu.

Nije kwenye chanjo. Kadi ya njano ya homa ya manjano ndiyo rafiki yako mkubwa. Tangu Julai 2016 inahesabika ya maisha yote, haifi tena baada ya miaka kumi kama zamani, na inaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Uganda ni nchi yenye hatari ya homa hiyo, kwa hiyo mataifa mengi yataidai. Ukiwa na mpango wowote wa kuhama, hata wa mwaka ujao, chanjwa sasa.

Chanjo za korona zilitufundisha somo la ajabu kidogo. Dozi 864,000 za kwanza zilizofika Uganda Machi 2021 zilikuwa za AstraZeneca zilizotengenezwa India kwa jina la Covishield. Ni chanjo ileile ya AstraZeneca, kiwanda tofauti. Umoja wa Ulaya ulipoanza cheti chake cha kidijitali Julai 2021, Covishield haikuwamo katika orodha ya chanjo zilizoidhinishwa na shirika lake la dawa, na ikabaki kila nchi ya Ulaya iamue yenyewe kama itaikubali. Mtu amechanjwa dozi mbili, anaambiwa kwa mlango huu umechanjwa, kwa mlango ule hujachanjwa. Kabla hujadungwa chanjo yoyote kwa ajili ya safari, uliza nchi unayokwenda inatambua jina gani, na cheti cha nani. Tunza kadi ya karatasi hata kama una cheti kwenye simu. Namba ya toleo la dawa iliyoandikwa kwa kalamu pale pembeni imewahi kumwokoa mtu.

Halafu kuna njia. Kutoka Entebbe ni nadra kufika moja kwa moja. Utapita Addis, Doha, Dubai, Istanbul au Brussels, na kila nchi unayopita ina masharti yake hata kama hutoki nje ya uwanja. Juni 2021 Falme za Kiarabu ziliwazuia abiria kutoka Uganda, na waliopangiwa kupita Dubai kwenda kwingine walikwama pia. Mlango ulipoanza kufunguliwa Agosti, wakaazi wa huko walitakiwa kipimo cha korona cha maabara, PCR, cha saa 48 na kingine cha haraka palepale uwanjani, ndani ya saa nne kabla ya kuruka. Uingereza iliiweka Uganda kwenye orodha nyekundu tarehe 30 Juni 2021 na kuitoa tarehe 11 Oktoba. Katikati hapo, mwenye haki ya kuingia alilazwa hotelini karantini siku kumi, na kuanzia Agosti gharama ya mtu mzima ilikuwa pauni 2,285. Familia moja tuliyoishauri ilikuwa na ada ya chuo ya mwaka mzima, lakini haikuwa na pesa hiyo.

Ndugu zetu wenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hapa muwe macho zaidi. Hata bila ugonjwa wowote, nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, zinamtaka Mkongomani awe na viza ya kupita uwanjani, wakati mwenye pasipoti ya Uganda hayumo kwenye orodha hiyo ya pamoja. Rafiki yako wa Nsambya akikwambia “mimi nilipita Brussels bila shida”, muulize kwanza alishika pasipoti gani.

Kitu kidogo, lakini nimekiona kwa macho yangu kaunta ya uwanjani: kijana ana cheti cha PCR, hana ugonjwa, saa ziko sawa. Pasipoti imeandikwa Mohamed, cheti kimeandikwa Muhammad. Afisa wa ndege anaweka karatasi mbili kando kwa kando, anasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, anatikisa kichwa. Maabara iko Kampala, ndege inaondoka baada ya saa mbili. Ukipimwa, mpe karani pasipoti yenyewe anakilie humo, wala usimtajie jina kwa mdomo. Hakikisha pia saa zinahesabiwa kuanzia kuchukuliwa sampuli au kutoka majibu, na zinaishia kuondoka au kufika. Marekani ilianza na siku tatu kabla ya kuondoka, kisha kuanzia tarehe 6 Desemba 2021 ikawa siku moja. Aliyesoma sharti la zamani alirudi nyumbani na masanduku.

Kwa wanaokwenda kufanya kazi Uarabuni nitasema machache: wakala awe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na mkataba uusome kabla ya kuacha hata shilingi. Mipaka ikifungwa ndipo matapeli wanapochanua, maana wana kisingizio tayari cha kwa nini safari haiendi na pesa hazirudi.

Kwa wakimbizi walioko makazi ya Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja, jambo ni zito zaidi kwa sababu saa haziko mikononi mwenu. Safari za kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu zilisimamishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNHCR la wakimbizi na IOM la uhamiaji, Machi 2020, zikaanza tena Juni. Miezi mitatu inaonekana michache, ila uchunguzi wa afya na wa usalama huisha muda kwa siku tofauti, na mtu mmoja katika familia akiisha muda, wote wanangoja. Mnachoweza kukifanya ni kutoa taarifa upesi mtoto akizaliwa, ndoa ikifungwa au namba ya simu ikibadilika, na kutogawa shamba na mabati siku ya mahojiano. Huduma hiyo haina malipo. Anayekuuzia nafasi anakuibia.

Haya si ya korona peke yake. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, Marekani iliwaelekeza abiria waliokuwa Uganda ndani ya siku 21 wapitie viwanja vitano tu ili wapimwe, na wenye tiketi za kutua kwingine wakabadilishiwa njia. Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Kampala kwenyewe. Nunua tiketi inayobadilishika tarehe, hata kama ni ghali kidogo, na weka kando pesa ya wiki mbili za kukwama.

Yule muuguzi aliondoka Novemba 2021. Alipata kazi ya muda kliniki moja Mukono, akasubiri barua mpya ya udhamini, na cheti cha kifua kikuu akakifanya mwisho kabisa. Jirani alikataa kumrudishia friji. Alinunua nyingine ndogo, akaiuza asubuhi ya siku ya kuruka, gari la Entebbe likimngoja nje.