Pete iliyogeuzwa kutoka bruchi si pete ya kale

Pete iliyogeuzwa kutoka bruchi ni pete ambayo kichwa chake, yaani ile sehemu yenye kito, kilikuwa bruchi, pambo la kubana kwenye nguo kwa pini, kisha sonara akakata pini na kulehemu duara la kuvalia kidoleni. Maana yake ni hiyo tu. Linalonikera ni hili jina inalouziwa, "pete ya kale ya enzi za Victoria". Nimelisikia tena wiki hii.

Tuanze na bruchi. Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, ambao *broche* kwao ni kitu chenye ncha: sindano, hata mshikaki wa kuchomea nyama. Jina basi halikutoka kwenye kito wala dhahabu, lilitoka kwenye pini iliyojificha nyuma. Bizimu nalo, tulilolipata kwa Waarabu, ni kile kinachobana mkanda. Pete ni vivyo hivyo. Ikiwa haina kito bado ni pete, na ndiyo maana twasema pete za sayari ya Zohali, ambako hakuna sonara aliyewahi kufika. Pete ni duara. Ukitaka umri wa pete, uliza umri wa duara.

Niliyoonyeshwa wiki hii ina ganeti, kito chekundu, katikati na nusu-lulu zimeizunguka. Nikaigeuza. Mgongoni kuna madoa mawili ya lehemu yaliyotazamana: hapa palikuwa na bawaba ya pini, pale palikuwa na ndoana yake. Dhahabu ya kichwa imelika kingo, laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Duara limenyooka, kingo kali, rangi yake ya njano imekolea zaidi. Malkia Victoria wa Uingereza alifariki 1901. Kichwa kile huenda kilikuwepo, lakini duara lile ni la juzi.

Katika biashara ya vito, "ya kale" kwa kawaida ni kitu kilichotimiza miaka 100, kipimo ambacho hata forodha ya Marekani imekitumia tangu 1966. Kichwa kinaweza kutimiza, duara lisitimize.

Na jina hili lina athari kwa mvaaji. Bruchi ilikaa kifuani juu ya kitambaa, haikugongwa na mlango wala kuloweshwa kwenye beseni la vyombo. Vito vingi vya zamani vilifungwa nyuma na kuwekewa karatasi nyembamba ya metali ili ving'ae. Maji yakipenya humo, kito hufifia. Anayeambiwa ni pete tangu mwanzo ataivaa kama pete, hadi jikoni.

Sisemi ni bandia, wala sisemi usiinunue. Ile ya ganeti ni nzuri sana, na sonara wake alikuwa na mkono mwepesi. Muuzaji aseme tu "pete iliyogeuzwa kutoka bruchi ya kale", na neno "kale" alisogeze hadi mwisho, likae na bruchi.