Programu ya HTML si lazima itumie bando

"Kama ni mambo ya tovuti, mwanangu, bando la kila siku siliwezi." Ndivyo alivyoniambia mzee mmoja mwenye duka la spea za baiskeli pale Ngamiani, hata sijakaa. Hapa Tanga wengi wanaamini hivyo: programu ikiandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript, bila intaneti haiwaki.

Si kweli. Hizo ni lugha za kuandikia tu, na faili zake zinaweza kukaa kwenye kompyuta yenyewe. Nilipomletea programu ya mauzo niliyomtengenezea, nilichomoa modemu mbele yake nikamwambia, "Mzee wangu, uza." Akaandika tairi moja la inchi 28, akabofya Hifadhi. Stoo ikashuka kutoka 14 hadi 13. Tukazima mashine, tukaiwasha: 13 ile ile. Mauzo yanaingia kwenye SQLite, hifadhidata iliyo faili moja anayoinakili kwenye flashi kila jioni.

Vijana wanaojifunza kuandika programu nao wana lao: eti hiyo si programu, ni ukurasa wa wavuti uliopewa dirisha. Mbona VS Code wanayoandikia imejengwa kwa Electron? Electron, zana ya kujengea programu za kompyuta kwa lugha za wavuti iliyoanzia GitHub mwaka 2013, inaunganisha Chromium, kivinjari kinachochora dirisha, na Node.js inayofungua faili na folda za mashine, kazi ambayo ukurasa wa kawaida haupewi uhuru nayo. Kwa sababu ya nguvu hiyo, tangu toleo la 5 la mwaka 2019, kurasa hazipewi Node.js mpaka mtengenezaji airuhusu mwenyewe. Naona watu wanairuhusu ili kukwepa kosa dogo. Nawasihi, msifanye hivyo kwenye kompyuta ya mteja.

Kuhusu uzito, wanaolalamika wana haki nusu. Kila programu ya Electron hubeba Chromium yake, kwa hiyo hata inayosema "Habari" tu huzidi megabaiti 100. Ila Tauri, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2022, hutumia injini ya kivinjari iliyomo kwenye mfumo, na programu ndogo inaweza kuwa ya megabaiti chache. Gharama yake ni kujifunza kidogo lugha ya Rust, na kujaribu kila mfumo peke yake, maana injini hazifanani.

Kompyuta ya mzee ina RAM ya GB 4, nikachagua Tauri. WebView2, injini ya kivinjari ambayo Tauri huitumia kwenye Windows, haikuwemo kwenye mashine yake. Nilimpelekea kwa flashi, nikaisakinisha modemu ikiwa bado mezani.