Mama Sungura Hajawatelekeza Watoto Wake

Swali ambalo wafugaji wapya wa sungura hutuuliza kuliko mengine yote huja siku ya pili au ya tatu baada ya jike kuzaa: mbona mama hawanyonyeshi watoto wake? Mama anakula vizuri, anakunywa maji, anajilaza upande wa pili wa banda, wala halikaribii sanduku la kuzalia. Mfugaji anashinda akichungulia na hamwoni akinyonyesha hata mara moja. Basi anaamua kwamba mama kawakataa wanawe. Maziwa ya ng'ombe yanapashwa moto, bomba la sindano linatafutwa, na watoto waliokuwa wazima wanaanza kupaliwa na kuharisha. Vifo hivi vinatuuma, maana vingi vingeweza kuepukika. Mara nyingi jike yule alikuwa akifanya kazi yake sawasawa.

Sungura jike kwa kawaida hunyonyesha mara moja tu kwa siku, na mara hiyo haizidi dakika tatu hadi tano. Watafiti Zarrow, Denenberg na Anderson walilichapisha jambo hili nchini Marekani mwaka 1965, na tafiti zilizofuata zimelithibitisha, ingawa wapo majike wanaonyonyesha mara mbili. Huingia usiku au alfajiri, wenye nyumba wakiwa wamelala. Ukimvizia mchana hutamwona.

Sababu yake iko katika asili ya mnyama huyu. Sungura wote wa kufugwa, awe New Zealand mweupe, California au Chinchilla, wametokana na sungura mwitu wa Ulaya, ambaye asili yake ni Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno. Sungura wengi tunaowaona wakikimbia vichakani Afrika Mashariki ni jamii nyingine: huzaa juu ya ardhi, na watoto wao hutoka na manyoya na macho yaliyofunguka. Jike wa Iberia huzalia shimoni watoto walio uchi, wasioona wala kusikia, kisha akitoka huuziba mlango kwa udongo. Hana silaha ya kumkabili mbweha wala kicheche. Kila safari ya shimoni inaweza kumwonyesha adui njia, kwa hiyo kukaa mbali ndiko kuwalinda.

Maziwa yake yanaendana na maisha hayo. Mafuta ndani yake hufika asilimia 12 hivi, mara tatu ya maziwa ya ng'ombe, na protini ni nyingi vilevile. Katika dakika hizo chache mtoto anaweza kunyonya maziwa yenye uzito wa karibu robo ya mwili wake. Maziwa ya ng'ombe hayawezi kushika nafasi hiyo.

Lakini mtoto asiyeona wala kusikia anaipataje chuchu haraka hivyo, ilhali mama hamsaidii kwa lolote? Mama husimama tu juu yao. Hawaelekezi, hawarambi, hawalalii kuwapa joto. Jibu ni harufu. Mwaka 2003 kundi la watafiti la Benoist Schaal mjini Dijon, Ufaransa, lilichapisha matokeo ya kazi ya kuchambua hewa inayotoka kwenye maziwa ya sungura, kemikali moja baada ya nyingine. Kati ya nyingi walizozijaribu, moja iitwayo 2-methylbut-2-enal ilifanya kazi ya ajabu. Ikipakwa kwenye kijiti cha kioo na kusogezwa puani pa mtoto, kichwa kinaanza kuyumba huku na huku kwa kasi na mdomo unakikamata kijiti kana kwamba ni chuchu. Hata mtoto ambaye hajawahi kunyonya huitikia. Hakufundishwa na mtu, amezaliwa nayo.

Kundi hilohilo baadaye lilionyesha kwamba feromoni hii, yaani harufu ya mnyama inayoamsha tabia fulani kwa wenzake, hufundisha pia. Harufu nyingine yoyote mpya ikinuswa pamoja nayo mara moja tu, kesho yake mtoto anaitikia harufu ile mpya peke yake. Kwangu mimi huu ni kati ya ugunduzi mzuri kabisa katika biolojia ya wanyama wa kufugwa. Na una maana bandani: usimpake jike anayenyonyesha dawa yenye harufu kali tumboni, wala usimsugue chuchu kwa sabuni, isipokuwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

Watoto nao wana saa yao. Robyn Hudson na Hans Distel, waliofanya utafiti wao Munich, Ujerumani, walieleza mwaka 1982 kwamba muda kabla mama hajafika, watoto huchangamka na kutoka chini ya manyoya, tayari kumpokea. Akishaondoka hukojoa hapohapo juu, kisha hujichimbia tena chini palipo pakavu. Mama naye huacha vidonge vichache vya kinyesi ndani ya kiota. Usivione uchafu ukavitupa: watoto huvitafuna, na humo hupata bakteria wa kwanza wa tumbo watakaowasaidia kumeng'enya majani.

Kwa hiyo mwangalie mtoto, usimvizie mama. Asubuhi mtoe jike kwa muda, mpe majani, kisha fungua kiota. Mtoto aliyenyonya ana tumbo la mviringo, ngozi yake imenyooka, ametulia katikati ya wenzake. Siku za mwanzo maziwa meupe huonekana kupitia ngozi ya tumbo. Mwenye njaa ana ngozi iliyokunjamana, tumbo bapa, na hatulii. Kuwagusa kwa mikono safi hakumfanyi mama aliyekuzoea awakatae.

Hatari ya kweli ni baridi. Watoto hawajui kutetemeka kama sisi. Hupata joto kwa kuunguza mafuta ya kahawia waliyozaliwa nayo na kwa kulundikana. Ndiyo maana jike hujinyofoa manyoya karibu na kuzaa, wakati homoni ya projesteroni inaposhuka na prolaktini kupanda, mabadiliko ambayo mtafiti Gabriela González-Mariscal ameyachunguza kwa miaka mingi huko Tlaxcala, Mexico. Asiponyofoa ya kutosha, ongeza nyasi kavu laini. Mtoto akitoka nje akining'inia kwenye chuchu, mama hatamrudisha, maana sungura hawabebi watoto kama paka. Sanduku liwe na kizingiti cha kumzuia, na ukimkuta nje amepoa, mpashe joto mikononi kwanza ndipo umrudishe.

Matumbo yote yakiwa bapa asubuhi, mwingize jike kiotani jioni, umtulize kwa kumpapasa mgongoni, watoto watajitafutia chuchu wenyewe. Kukosa mlo mmoja hakumuui mtoto mzima aliye na joto. Yakiwa bapa tena kesho yake, huenda hana maziwa au ana uvimbe wa matiti, na hapo mwite daktari wa mifugo. Watoto wakizidi chuchu, ambazo kwa kawaida ni nane hadi kumi, wahamishie wachache kwa jike mwingine aliyezaa siku hizohizo, uwafunike kwa manyoya ya kiota chake kabla hajaingia kunyonyesha.