Namba 3 halelewi kwenye namba 3

Swali limerudi tena kwenye BuzzerBeater, mchezo wa mtandaoni wa kuendesha timu ya kikapu, na safari hii limekuja kama malalamiko: "Nimemchezesha namba 3 msimu mzima, dakika 48 kila wiki, mbona ulinzi wake wa ndani haujasogea?" Haujasogea kwa sababu hukuufundisha. BuzzerBeater haimfundishi mtu kuwa namba 3, yaani fowadi mdogo. Inafundisha ujuzi, na kila zoezi lina nafasi zake uwanjani. Asiyecheza kwenye nafasi hizo, hata akimaliza mechi na pointi 30, zoezi la wiki hiyo limempita.

Fungua ukurasa wa mazoezi uangalie. Ulinzi wa nje kwa nguvu kamili unakwenda kwa anayecheza namba 1, mpangaji wa mchezo. Pasi, hivyo hivyo. Shuti la ndani, ulinzi wa ndani na bloku ni mali ya namba 5, yaani senta. Ribaundi ni ya wakubwa wa chini ya kikapu. Ukilitanua zoezi lichukue nafasi mbili, makali yanapungua kwa kila mmoja. Ukiligawa kwa timu nzima, karibu hakuna anayeshiba. Kinachomkuta namba 3 akiwa mahali pake ni kidogo, na chenye faida ya kweli ni zoezi la mmoja kwa mmoja la mafowadi, ambalo linainua kupenya, kumiliki mpira na shuti la kuruka kwa mkupuo. Ni zoezi zuri. Lakini ukiling'ang'ania misimu mitatu unapata kijana anayepenya kila ukuta na hamkabi mtu.

Kwa hiyo namba 3 analelewa akiwa namba 1 na akiwa namba 5. Hiyo ndiyo gharama yake, na ndiyo sababu walio wazuri ni wachache.

Dakika: 48 kwa wiki, kwenye nafasi ya zoezi. Pungufu ya hapo, mafunzo yanapungua kwa kadiri hiyo. Zaidi ya hapo huongezi kitu kwenye mafunzo, na dakika zikirundikana sana fomu inashuka. Mechi 3 za wiki zina dakika 144 kwa nafasi moja, maana yake zoezi la nafasi moja linabeba vijana 3 na si 4. Muandike yule yule kama mwanzishaji na kama mbadala wake, na umwamuru kocha afuate orodha bila kubadilisha, la sivyo atampumzisha mechi ikishaamuliwa. Hatari inayobaki ni faulo. Kijana wa sentimita 198 anayekaba senta aliyekomaa anaweza kutolewa robo ya nne, na wiki yako ikaishia dakika 39. Akitolewa kwenye mechi ya mwanzo wa wiki, unazo nyingine mbili za kufidia. Ndiyo maana mwanafunzi wa muhimu kuliko wote hapangwi mechi ya mwisho kabla ya mazoezi kuhesabiwa.

Utapoteza mechi. Namba 1 asiyejua kumiliki mpira atanyang'anywa, na namba 5 mfupi ataachwa kwenye ribaundi. Wiki anazocheza senta, zoni ya 2-3 (ulinzi wa eneo, wawili mbele na watatu nyuma) inasitiri kiasi. Mechi ya kirafiki ndiyo darasa bora. Ya ligi mpe ukikutana na timu dhaifu.

Sasa nifike kwenye neno linaloniudhi: "wastani". Watu wanasikia kwamba namba 3 mzuri ni wa wastani, wanakwenda kujaza ngazi 9 kila mahali, halafu wanashangaa anazidiwa pande zote mbili. Aliyelingana si aliye sawa kila mahali. Kulingana ni upande wa nje usiukimbie upande wa ndani. Ndani ya kila upande, kuna ujuzi unaobeba na ujuzi unaosaidia tu. Huyu ndiye ninayemtaka akikomaa: shuti la kuruka 14, shuti la mbali 8, ulinzi wa nje 13, kumiliki mpira 9, kupenya 12, pasi 8, shuti la ndani 11, ulinzi wa ndani 12, ribaundi 10, bloku 5. Jumla 102. Tazama bloku: 5, na sina haja ya kuitupia hata wiki moja ya ziada. Tazama shuti la mbali: 8 inatosha kumfanya mlinzi atoke. Ila ulinzi wa nje ukiwa 9 badala ya 13, huyo si namba 3. Ni namba 4, fowadi mkubwa, aliyepotea njia, na kila fowadi mwenye kupenya atamfanya mlango.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Mshahara. Mchezo unamhesabia mtu mshahara kwa kila nafasi, kisha unamlipa ule mkubwa. Senta mwenye 15 kwenye shuti la ndani, ulinzi wa ndani na ribaundi analipwa kwa ujuzi huo wa aina tatu, na mshahara wake unapaa. Kijana wa 102 niliyemtaja hajavuka mstari wa nafasi yoyote kwa kishindo, kwa hiyo jumla kubwa ya ujuzi inakaa ndani ya mshahara mdogo. Kikomo cha kipaji, yaani mwisho wa ujuzi ambao mchezaji anaweza kuubeba, nacho kinaelekea huko huko: mtu aliyesambaa hubeba jumla kubwa zaidi kabla mafunzo hayajaanza kugoma kuliko aliyerundika upande mmoja. Ndiyo maana kipaji cha kati, ambacho kwa senta kingekuudhi, kwa namba 3 kinavumilika.

Urefu: chukua kati ya sentimita 196 na 203. Mrefu hujifunza ya ndani haraka na ya nje kwa kukokota, mfupi kinyume chake. Mtu wa 211 kumfikisha ulinzi wa nje 13 ni kumlipa mkufunzi wako bure. Umri ni 18 au 19, basi. Akifika 22 bila msingi, tafuta mwingine.

Mpangilio wa mazoezi ndio usionipa usingizi. Naanza na nje: ulinzi wa nje kwanza, kwa sababu ngazi zake ni nyingi na zinataka wiki za ujana, kisha mmoja kwa mmoja, kisha namhamishia chini ya kikapu. Wapo wanaoanza ndani, na hoja yao ina nguvu: kijana mwenye shuti la ndani na ulinzi wa ndani anakusaidia kushinda mapema, na wiki za namba 1 zinamkuta akiwa na cha kufanya uwanjani. Kila nikilinganisha njia hizo mbili, pengo halitoshi kumwambia mtu amekosea. Nisichokubali ni kumaliza upande mmoja kabisa kabla ya kuugusa mwingine. Ujuzi unavutana: ukiwaacha nyuma jamaa zake, yaani ujuzi unaohusiana nao, unaanza kwenda kwa taabu, jamaa wakiwa juu, unavutwa. Kupenya kwa 12 na kumiliki mpira kwa 4 ni wiki ulizomwaga. Badili kila wiki 5 au 6.

Stamina na mitupo huru: wiki chache, akishakomaa.

Msimu una wiki 14, na mishahara inapigwa upya unapoisha. Wiki ya 11 angalia mchezo unamwita nafasi gani. Ukiona ameshaitwa namba 5, simamisha zoezi la ndani mara moja umpeleke kwenye ulinzi wa nje. Mshahara wa senta hautashuka kwa hilo, kwani unalipa nafasi iliyo ghali zaidi. Lakini ngazi moja zaidi ya ribaundi ingeupandisha, na ngazi moja ya ulinzi wa nje kwa mtu huyo, upande wa mshahara, huja karibu bure.