Matetemeko madogo na picha ya ganda la dunia chini ya Natron

Tetemeko dogo, lile ambalo hata mkazi wa jirani halisikii, ndilo lenye faida zaidi kwetu tunaochora muundo wa ganda la dunia. Mwaka 2013 na 2014 vipima-tetemeko vilisimikwa kuzunguka maziwa ya Natron na Magadi, mpakani mwa Tanzania na Kenya, vikanasa maelfu ya matetemeko, mengi yakiwa ya namna hiyo.

Katika miamba ya juu ya ganda, wimbi la P (la kwanza kufika, linalosukuma na kuvuta mwamba) husafiri takriban kilomita 6 kwa sekunde na la S (la pili, linalotikisa mwamba kwa kukingama na njia yake) takriban kilomita 3.5, hivyo kila sekunde 1 inayotenganisha kufika kwao humaanisha kwamba chanzo kiko kama kilomita 8 kutoka kituoni. P huonekana waziwazi. S hujificha ndani ya mkia wa P, ndiyo maana mimi huitafuta kwenye rekodi mbili za mtikisiko wa mlalo. Nikikosea sehemu moja ya kumi ya sekunde, chanzo husogea karibu mita 800.

Ugumu ni kwamba hatujui tetemeko lilitokea wapi, saa ngapi, wala mawimbi yalipita kwa kasi gani njiani. Mwaka 1976 wanasayansi wa matetemeko Keiiti Aki na W. H. K. Lee, wakitumia matetemeko ya California, walionyesha kuwa yote hayo yanaweza kutafutwa kwa pamoja: unakadiria kasi, unakokotoa muda wa mawimbi kufika, unaulinganisha na rekodi, kisha unarekebisha kasi na mahali pa chanzo. Anayeamua mahali kwanza na kutafuta kasi baadaye huhamishia makosa ya mahali kwenye picha ya miamba.

Mimi huanza kutazama uwiano wa kasi ya P kwa S, ambao katika miamba ya kawaida hukaribia 1.73, kwa sababu kasi ya P peke yake haitoshi: hupunguzwa na joto, nyufa na aina ya mwamba bila kutuambia ni kipi hasa. Magma (mwamba ulioyeyuka) au maji hudhoofisha S zaidi, na uwiano hupanda. Gesi iliyojaa kwenye vinyweleo vya mwamba hudhoofisha P zaidi, nao hushuka. Karibu na volkano ya Ol Doinyo Lengai, kusini mwa ziwa Natron, ambako kabonidioksidi hupenya kwenye mipasuko ya ardhi, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Bahati nzuri, huko matetemeko hutokea hata kwenye kina kinachozidi kilomita 20, kwa hiyo picha hufika sehemu ya chini ya ganda. Hata hivyo, pale ambapo mawimbi yote yalipita kwa mwelekeo mmoja bila kukatana, rangi zinazoonyesha kasi hutanuka kufuata njia yao, na sehemu hiyo mimi huiacha nyeupe kwenye ramani.