Maji Yakipata Joto, Chunga Oksijeni

Wafugaji wa samaki wakiniuliza habari za mabadiliko ya tabianchi, swali huwa ni joto: je, samaki wangu watakufa? Perege hawaoni shida kwenye maji ya nyuzijoto 30. Kinachowamaliza mara nyingi ni kukosa oksijeni.

Maji baridi yasiyo na chumvi, ya nyuzijoto 20, hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30, hayabebi zaidi ya 7.5 hivi. Na hapohapo joto humfanya samaki ahitaji oksijeni nyingi zaidi. Mchana mwani huiongeza majini, lakini usiku nao huitumia, kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni alfajiri, hasa ikiwa jana kulikuwa na mawingu kutwa nzima. Fika bwawani kabla jua halijachomoza. Ukikuta samaki wamejazana juu, midomo inafunguka na kufumba usoni pa maji, wala hawashtuki ukisogea, washa mashine ya hewa au ingiza maji mapya mara moja. Asubuhi hiyo usiwape chakula.

Chakula, kwa maoni yangu, ndicho cha kurekebisha kwanza, kabla ya kununua mtambo wowote. Kinachobaki huoza, na kuoza hula oksijeni ileile. Siku za joto kali punguza kiasi, na usilishe usiku unapokaribia. Ushauri wangu usiopendwa ni kupandikiza vifaranga wachache zaidi. Najua, bwawa lililojaa linapendeza macho.

Kina cha mita moja na nusu hadi mbili husaidia maji yasichemke haraka, ila kina nacho kina lake: maji ya chini hukosa oksijeni, na mvua kubwa ya ghafla ikiyachanganya na ya juu, samaki wanaweza kufa kwa wingi. Kuyazungusha mara kwa mara huzuia hilo.

Kwa mafuriko, inua tuta na uweke wavu kwenye mfereji wa kutolea maji. Samaki wageni wakitorokea mtoni huwasumbua wenyeji.

Pasipo maji ya uhakika, fikiria kambale. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hivyo hustahimili maji yanayoua perege. Watenganishe tu kwa ukubwa mapema, maana wakubwa huwala wadogo.