Kusudi na vipaumbele vya huduma katika kanisa la Kibaptisti

Katika makanisa mengi ya Kibaptisti, nyuma ya mimbari au juu ya mlango, kuna maneno yaliyochorwa kwa rangi: dira, kauli ya mwaka, au aya kutoka Mathayo 28. Mgeni akiuliza kanisa hili lipo kwa ajili ya nini, huonyeshwa hapo. Jibu si baya, ila linachanganya mambo mawili ambayo Wabaptisti kwa kawaida huyatenga: kusudi la kanisa na vipaumbele vya huduma.

Kusudi ni sababu ya kanisa kuwepo. Kwa Wabaptisti sababu hiyo haitungwi na mtu, imo tayari katika Biblia. Wengi huieleza kwa Agizo Kuu la Yesu katika Mathayo 28: "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwabatiza kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu." Huongeza hapo amri ya kumpenda Mungu na jirani iliyo katika Mathayo 22. Hakuna kikao kinachoweza kuyapigia kura hayo. Vipaumbele ni uamuzi wa kanisa fulani, mahali fulani, kuhusu lipi litangulie mwaka huu na lipi lisubiri, kwa watu na fedha zilizopo. Hivyo ndivyo vinavyopigiwa kura, na wapigaji ni washirika wenyewe.

Kwa nini washirika, na asiwe askofu? Jibu lilianzia Amsterdam mwaka 1609. Wakimbizi wachache wa Kiingereza, wakiongozwa na John Smyth na Thomas Helwys, waliamua kwamba kanisa ni mkusanyiko wa watu walioamini wenyewe na kubatizwa kwa sababu hiyo. Ubatizo wa watoto wachanga wakauacha. Na kama kanisa ndio hao walioamini, basi mfalme hana haki ya kulipangia imani, wala askofu. Helwys alirudi London akaandika kumkumbusha Mfalme James wa Kwanza kwamba naye ni mtu wa kufa, si Mungu. Uhuru wa dhamiri hakuwadaia Wabaptisti wenzake tu. Aliwataja na Wayahudi, na hata "Waturuki", jina ambalo Waingereza wa wakati ule waliwaita Waislamu. Alifungwa katika gereza la Newgate, na miaka michache baadaye alikuwa amekwisha kufa.

Msimamo huo una matokeo ambayo hata washirika wa siku nyingi hawayafikirii sana. Kanisa la namna hii halipati mshirika kwa kuzaliwa. Mtoto wa mchungaji huletwa mbele akaombewa, basi. Akikua atangojewa aamini mwenyewe, apite darasa la ubatizo, asimame kutoa ushuhuda, ndipo azamishwe katika maji mengi, iwe katika kisima cha ubatizo uani mwa kanisa, mtoni au ziwani. Kabla ya hapo ni mtoto wa washirika, bado hajawa mshirika. Kwa hiyo kila kizazi kinaanza upya, na kanisa likikaa miaka thelathini bila kuhubiri litakosa hata mtu wa kushika funguo. Ndiyo sababu uinjilisti hutajwa wa kwanza karibu katika kila orodha ya vipaumbele vya Kibaptisti, hata pale ambapo kwa kweli haufanyiki. Wanaodhani ni ushabiki wa kutafuta idadi hawajautazama mlango wa kanisa lenyewe ulivyojengwa.

Siku hizi kazi ya kanisa hugawanywa sana katika mambo matano: ibada, uinjilisti, uanafunzi, ushirika na huduma. Aliyeueneza mgawanyo huo miaka ya 1990 ni Rick Warren, mwanzilishi wa kanisa la Saddleback huko California, ambaye baadaye alishirikiana kwa karibu na makanisa ya Rwanda. Ni mgawanyo mzuri wa kufundishia. Ubaya wake ni kwamba mambo matano yakipangwa mstari mmoja yanaonekana yana uzito sawa na yanakwenda yenyewe. Hayaendi yenyewe. Ibada ina siku yake, ushirika una misiba na harusi za kuusukuma, uinjilisti una mikutano ya injili yenye jukwaa na vipaza sauti. Uanafunzi hauna kitu cha kuusukuma. Ni mtu mmoja kukaa na waongofu watatu jioni baada ya jioni, wakisoma Injili ya Marko, akiwafundisha kuomba, kusamehe, kutunza ndoa, kuacha rushwa kazini. Hakuna picha ya kupiga wala hesabu ya kutangaza Jumapili, na kwa hiyo huachwa. Ukiona kanisa linabatiza watu arobaini kwa mwaka na viti havijai, tafuta tatizo hapo kwanza.

Ubishi mkubwa zaidi ni huu: je, kuhudumia mwili ni sehemu ya kusudi, au ni chambo cha injili tu? Wabaptisti wameubishania kwa vizazi. William Carey, fundi viatu wa Kiingereza aliyekuwa nyuma ya kuanzishwa kwa chama cha umisheni cha Kibaptisti huko Kettering mwaka 1792, alikwenda India kuhubiri. Huko alitafsiri Biblia katika lugha za wenyeji, akashiriki kuanzisha chuo cha Serampore mwaka 1818, na akapiga vita desturi ya kuchoma wajane pamoja na maiti za waume zao mpaka serikali ilipoipiga marufuku mwaka 1829. Sidhani kwamba Carey mwenyewe angekielewa vizuri hicho tunachobishania.

Lakini historia ina upande wake mchungu, na haifai kuuruka. Mwaka 1845 Wabaptisti wa majimbo ya kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao wa kaskazini, na hoja iliyopasua jahazi ilikuwa kama mwenye watumwa anaweza kuteuliwa kuwa mmishonari. Walikuwa na Agizo Kuu lilelile, na kura zikapigwa kwa utaratibu, lakini watu walioamini kwamba wametumwa kwa mataifa yote walishindwa kumwona ndugu katika mtu waliyemnunua. Jumuiya waliyoiunda hao wa kusini iliomba radhi rasmi mwaka 1995. Kura ya washirika, kwa hiyo, si kinga ya makosa. Inategemea washirika wanasoma nini na wanamwogopa nani.

Ni wamishonari wa jumuiya hiyohiyo walioingia Kenya na Tanganyika mwaka 1956, wengine wakitokea Nigeria. Vipaumbele vyao vya mwanzo vinasomeka kwenye majengo waliyoyaacha: hospitali Mbeya, iliyojulikana kwa kutibu kifua kikuu, chuo cha kufundisha wachungaji Arusha, kituo cha mikutano cha Brackenhurst huko Limuru. Injili, tiba na mafunzo vilikwenda pamoja. Kongo historia ni ndefu zaidi, kwani Wabaptisti wa Uingereza walifika huko mwaka 1878, na leo mashariki mwa nchi hiyo jumuiya ya makanisa ya Kibaptisti iitwayo CBCA, yenye makao yake Goma, ina hospitali ya Ndosho ambayo kwa miaka mingi imepokea majeruhi wa vita, madaktari wa upasuaji wakisaidiwa na Msalaba Mwekundu. Hakuna kikao cha Goma kilichohitaji kubishana kirefu kama majeraha ya risasi ni kipaumbele. Kanisa la Dodoma au Kisumu likiiga orodha ya Goma litakuwa limenakili bure. Mahitaji yake yako kwingine, pengine ni vijana wasio na kazi, pengine ni wazee wanaolea wajukuu.

Sasa, utajuaje vipaumbele halisi vya kanisa ulilomo? Usisome ukuta, soma bajeti. Tuseme kanisa la mtaani linapata zaka na sadaka shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Posho ya mchungaji ni 500,000. Ujenzi unachukua 600,000. Umeme, maji na mlinzi 150,000. Kwaya na vyombo vya muziki 150,000. Uinjilisti 50,000, wajane na wagonjwa 50,000. Zimekwisha. Shule ya Jumapili haina fungu, na mwalimu ananunua kalamu za rangi kwa pesa yake. Kanisa hilo laweza kuandika "Kuwafikia Waliopotea" kwa herufi kubwa kiasi gani, kipaumbele chake cha kwanza ni saruji. Huenda ni sahihi kwa mwaka huo, hasa kama wanasali chini ya turubai na masika yanakaribia. Shida inakuja pale ujenzi unapofikisha mwaka wa tisa na hakuna aliyewahi kuuliza utakwisha lini.

Mahali pa kuuliza ni kikao cha washirika. Katibu anasoma muhtasari wa kikao kilichopita, mweka hazina anatoa hesabu, mchungaji na mashemasi wanaleta mapendekezo, kisha mikono inanyooshwa. Kwa kanuni, binti aliyebatizwa mwezi uliopita ana kura yenye uzito sawa na ya shemasi mwenye mvi. Kwa desturi zetu, binti huyo mara nyingi hukaa kimya mbele ya wazee, na mchungaji mwenye hekima hulijua hilo akampa nafasi ya kusema. Yapo pia makanisa ya Kibaptisti yanayoongozwa na baraza la wazee, washirika wakiitwa kwa mambo makubwa tu: kumwita mchungaji, kupitisha bajeti, kununua kiwanja, kumtenga mtu.

Jumuiya ya taifa, hata kama ina ofisi na mwenyekiti, haina mamlaka ya kuliamuru kanisa la mahali lifanye hili au lile. Inaweza kushauri, kusaidia kwa mafunzo na fedha, na mwisho kabisa kuvunja ushirikiano. Mwaka 2023 wajumbe wa ile jumuiya ya Wabaptisti wa kusini mwa Marekani, wakikutana New Orleans, walithibitisha kuiondoa Saddleback, kanisa lile la Rick Warren, kwa sababu ya kuwa na mwanamke katika nafasi ya mchungaji. Jumapili iliyofuata Saddleback ilikuwa wazi kama kawaida, na majengo yake na washirika wake, kwa kuwa vyote hivyo havikuwahi kuwa mali ya jumuiya.

Kwa anayefikiria kujiunga, au aliyekwisha jiunga na hajawahi kuhudhuria kikao hata kimoja, yapo makaratasi matatu ya kuomba kwa katibu: katiba ya kanisa, bajeti ya mwaka, na muhtasari wa vikao viwili vya mwisho. Si siri, ni mali ya washirika. Katiba itaeleza akidi ni ngapi na nani anaruhusiwa kuleta hoja. Mshirika anayeona shule ya Jumapili imesahaulika huandika hoja yake, hutafuta wa kuiunga mkono, na kuipeleka kwa katibu kabla ajenda haijafungwa. Ikipita, inapata fungu. Ikishindwa, inaandikwa kwenye muhtasari kwamba imeshindwa, na mwaka ujao mtoa hoja anaweza kuirudisha.